Sefu ikipungua Juba: haki zako unapotuhumiwa wizi kazini

Jumatatu saa mbili asubuhi, duka la jumla, soko la Konyo Konyo. Tajiri anafungua sefu na kuhesabu mauzo ya Jumamosi. Zimepungua. Anahesabu mara ya pili, mara ya tatu, hazitimii. Funguo ziko mbili: mmoja wake, mwingine wa keshia, kijana aliyefika kwa basi kutoka Mbale kupitia Elegu miaka miwili iliyopita. Binamu wa tajiri naye huingia nyuma ya kaunta apendavyo, lakini huyo hatajwi. Ikifika saa nne, askari wawili wako mlangoni na kijana anaambiwa aongozane nao.

Kisa hicho tumekitunga. Hata hivyo, msomaji anayepeleka mahindi, sabuni au vipuri Juba, au aliyemwacha mdogo wake huko akimwangalizia duka, hahitaji kushawishiwa kwamba mambo yanaweza kwenda hivyo. Swali letu ni moja: kijana huyo afanye nini kati ya saa nne hiyo na asubuhi ya kesho yake? Maana mtu asiye na hatia huweza kujiharibia mwenyewe katika muda huo mfupi, kwa kusaini asichokielewa, kulipa asichochukua, au kukimbilia mpakani.

Mgeni ndiye wa kwanza kutazamwa

Tuseme ukweli bila kuwalaumu wenyeji, kwani hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam mambo si tofauti. Pesa zikipotea, mwenye duka humtazama kwanza yule asiye na ndugu mjini. Mgeni hana mjomba polisi. Hana mtu wa kumletea chakula kituoni jioni. Akiwa na kibali cha kazi kilichokwisha muda, hata kosa ambalo hakulitenda linamtia hofu, kwa sababu anajua kwamba akifungua mdomo ataulizwa habari nyingine.

Hali ya vibali Juba imewahi kuwa ngumu. Septemba 2014 Wizara ya Kazi ya Sudan Kusini ilitoa waraka ulioyataka mashirika na kampuni kuwapa raia nafasi kadhaa, zikiwemo za makatibu muhtasi, maofisa ununuzi na wahudumu wa mapokezi. Kelele zilipigwa ndani na nje, na serikali ikalegeza msimamo. Nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Lakini mfanyakazi mgeni anayejua historia hiyo huelewa kwa nini kibali chake, mkataba wake na pasipoti yake vinapaswa kuwa sawa hata siku ambayo hakuna aliyemuuliza. Mwenye kibali hai hujibu shutuma moja. Asiye nacho hujibu mbili.

Ipo pia kesi ambayo Wakenya wengi waliowahi kufanya kazi Juba wanaikumbuka. Mwaka 2015 Wakenya wanne, waajiriwa wa kampuni iliyokuwa ikifanya biashara na ofisi ya rais wa Sudan Kusini, walikamatwa pamoja na watu wengine kwa tuhuma za kuchotwa kwa mamilioni ya dola za ofisi hiyo. Fedha zilizotajwa zilikuwa kiasi cha dola milioni 14. Juni 2016 mahakama ya Juba iliwahukumu watu 16, hao wanne wakiwemo, kifungo cha maisha. Familia zao zilikuwa zikisema muda wote kwamba wale walikuwa wafanyakazi tu, watu wa mshahara, na zikaiomba serikali ya Nairobi iingilie kati. Hukumu ile haikusimama kwenye rufaa.

Hatuichambui kesi hiyo upya hapa. Tunachokichukua ni jambo moja linalomhusu hata muuza unga: mwajiriwa na mwenye kampuni wanaweza kujikuta kwenye jalada moja, na wakapewa adhabu moja. Kusema kwamba wewe ulitumwa tu hakukuondoi kwenye jalada. Unahitaji kuonyesha ulitumwa na nani, lini, na kwa karatasi gani.

Saa 24 za Juba, 48 za Kampala

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 ina kifungu cha 19, kinachohusu haki ya kusikilizwa. Kinafaa kukaririwa na kila anayefanya kazi huko. Kinasema mtuhumiwa hana hatia mpaka athibitishwe kwa mujibu wa sheria. Kinasema anayekamatwa aambiwe sababu wakati ule ule anapokamatwa. Anayeshikiliwa na polisi kwa uchunguzi asikae zaidi ya saa 24; baada ya hapo aachiwe kwa dhamana au afikishwe mahakamani, na ni mahakama itakayoamua arudishwe rumande au aende nyumbani. Anayo haki ya kujitetea mwenyewe au kwa wakili amtakaye, na kwa kosa zito, asiyemudu wakili anapaswa kupewa na serikali.

Mfanyabiashara wa mipakani asichanganye saa za nchi moja na za nyingine. Kenya ni saa 24, na Tanzania vivyo hivyo. Uganda katiba inatoa saa 48, na Kongo pia 48. Kwa hiyo aliyezoea Kampala akikaa kimya siku mbili Juba akidhani bado muda haujaisha, anakosea kwa siku nzima.

Je, saa hizo hufuatwa? Si mara zote. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu magereza ya Sudan Kusini, likaonyesha kwamba kama theluthi moja ya wafungwa walikuwa hawajahukumiwa kwa kosa lolote, na kwamba waliokuwa na wakili walikuwa wachache mno. Wapo waliokuwa ndani kwa sababu ya madeni tu. Miaka imepita tangu hapo, lakini ripoti hiyo inaeleza kwa nini ndugu aliyeko nje ya kituo ana kazi kubwa kuliko aliyeko ndani. Huyo wa nje ndiye anayeweza kuhesabu saa. Aandike saa ya kukamatwa, jina la kituo, jina na cheo cha ofisa anayeshika jalada. Saa 24 zikitimia, arudi kituoni aulize kwa adabu, kesho yake arudi tena. Jalada linaloulizwa na mtu kila siku halisahauliki kirahisi.

Uliza pia wanaokukamata ni wa idara gani. Si kila mwenye bunduki ni polisi. Sheria ya mwaka 2014 iliwapa maofisa wa Usalama wa Taifa mamlaka ya kukamata, na ndugu aliyezunguka vituo vyote vya polisi, kuanzia Munuki hadi Gudele, anaweza kuwa anatafuta mahali pasipo. Swali la "mnatoka idara gani, mnanipeleka wapi" liulizwe kwa sauti, mbele ya majirani wa duka, ili wasikie jibu.

Neno "wakili" litakuponza

Hapa tukae kidogo, kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tuna hatari yetu wenyewe. Lugha rasmi ya Sudan Kusini ni Kiingereza, lakini sokoni na vituoni utasikia Kiarabu cha Juba. Ukikisikiliza utadhani umefika nyumbani. Mahakama, shahidi, hakimu, dhamana, amana, hesabu: maneno haya yote tuliyapata kutoka Kiarabu na yanasikika karibu sawa. Raha hiyo inadanganya.

Katika Kiarabu cha Sudan, mwanasheria anayekutetea huitwa muhami. Ukisikia wakil niyaba, huyo ni mwendesha mashtaka. Mswahili aliyelala rumande usiku mmoja, akaambiwa asubuhi kwamba "wakil" amefika, anaweza kumfungulia moyo mtu ambaye kazi yake ni kumshtaki. Mwendesha mashtaka anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na anaweza hata kuifuta kesi akiona haina miguu. Lakini si wako.

Neno jingine ni amana. Mtu aliyekabidhiwa mali ya tajiri, stoo, gari au pesa za mauzo, huenda asishtakiwe kwa wizi wa kawaida bali kwa kukiuka uaminifu aliopewa juu ya mali hiyo, kosa ambalo wenyeji hulitaja kwa maneno yanayofanana na yetu ya kuihini amana. Tofauti yake ni kubwa. Kwenye wizi watauliza nani alichukua. Kwenye amana watauliza nani alikabidhiwa, na jibu linaweza kuwa wewe hata kama aliyechukua ni mwingine. Ndiyo maana tutarudi kwenye suala la karatasi za makabidhiano.

Kwa hiyo, ukiwa mbele ya ofisa, omba mkalimani unayemwelewa. Karatasi ikiandikwa Kiingereza au Kiarabu nawe huisomi vizuri, usiisaini kwa aibu. Hakuna fedheha katika kusema, "Afande, naomba nisomewe kwa lugha ninayoielewa." Ukisomewa na ukakuta neno ambalo hukulisema, sema lirekebishwe. Ukilazimika kusaini, andika pembeni kwa lugha yako, kwa mkono wako, kwamba hukusomewa au hukubaliani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya. Hilo halimfanyi karani wa kituo akijue, lakini maneno hayo machache yatabaki kwenye jalada mpaka mtu mwingine atakapolifungua.

Kabla polisi hawajaitwa

Mara nyingi mambo huanzia ofisini. Tajiri anakuita, anafunga mlango, wako watu watatu, na maswali yanaanza. Wengine hufanya hivyo kwa nia nzuri, wakitaka kujua kilichotokea kabla ya kumwita askari. Mjibu. Kukataa kabisa kuongea na mwajiri wako kunaweza kuonekana ukaidi na kukugharimu kazi. Lakini jibu unayoyajua kwa macho yako. Usikisie. "Labda ni fulani alichukua" ni sentensi ya hatari: ikigeuka si kweli, umejitengenezea adui na umeonekana mtu wa kurusha lawama.

Omba mtu mmoja akae nawe, mfanyakazi mwenzako au mzee mnayemheshimu wote wawili. Kwa sheria za Kenya na Uganda, anayetaka kukufukuza kazi kwa utovu wa nidhamu lazima akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na akusikilize ukiwa na mwenzio wa kukusaidia. Tanzania nayo haimruhusu mwajiri kukufukuza bila sababu ya haki na utaratibu wa haki. Sudan Kusini ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2017, na malalamiko kuhusu mkataba na kuachishwa kazi huanzia ofisi ya kazi. Aliyesaini mkataba Nairobi na kampuni ya Nairobi, kisha akapelekwa Juba, atazame mkataba wake unataja sheria ya nchi gani. Ikiwa ni ya Kenya, mlango wa Nairobi unaweza kuwa rahisi kuugonga kuliko wa Juba.

Hakuna tajiri mwenye haki ya kukufungia stoo mpaka useme. Hana haki ya kukupiga. Katiba inakataza mateso hata kwa polisi, sembuse mwenye duka. Hana haki ya kuishika pasipoti yako kama rehani, kwa kuwa pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si yako wala yake. Ukinyang'anywa, ripoti ubalozini siku hiyo hiyo. Wakitaka kupekua chumba chako au simu yako, sema wazi kwamba unataka shahidi awepo na kila kinachochukuliwa kiorodheshwe na kusainiwa na pande zote. Kilichokutwa chumbani bila shahidi ni neno lako dhidi ya la wengi.

Duka likiwa na kamera, dai siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa simu ulioandikwa, kwamba picha za Jumamosi mpaka Jumatatu zitunzwe. Mashine nyingi za kamera hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Tajiri anaweza asiwe na nia mbaya. Picha zikajifuta zenyewe, na pamoja nazo ushahidi kwamba binamu alirudi dukani saa moja usiku.

Kuna na hili la kukimbia. Kijana anaposikia askari wanakuja, moyo humwambia apande boda boda mpaka stendi, kisha Nimule, kisha nyumbani. Barabara ya lami ya Juba kwenda Nimule haifiki kilomita 200. Jioni anaweza kuwa Elegu. Asifanye hivyo. Ameacha nyuma mshahara, nguo na jina, na ameipa tuhuma ushahidi ambao haikuwa nao asubuhi. Siku akitaka kurudi Juba na mzigo wake mwenyewe, jalada litakuwa linamsubiri.

Kulipa ili yaishe

Inafika saa ambapo mtu wa katikati anakuja na maneno matamu. Tajiri hataki kesi, anataka pesa zake. Lipa nusu, nusu ikatwe kwenye mshahara, yaishe. Ndugu walioko Mbale au Arusha wanaanza kuchangishana kwenye simu.

Sisi hatusemi usipatane. Suluhu ni jambo la heshima katika nchi zetu zote, na wapo waliookoka rumande kwa njia hiyo. Tunachosema ni kwamba pesa inayolipwa kimya kimya husomwa baadaye kama kukiri. Mtu analipa Jumatano, na Ijumaa anaitwa tena kituoni: kama hukuchukua, ulilipa za nini? Kama familia imeamua kulipa, iandikwe karatasi yenye mambo haya: kiasi, tarehe, kwamba malipo yanafanywa bila kukiri kosa, kwamba mlalamikaji anaondoa malalamiko yake, na kwamba hatadai tena. Isainiwe na mlalamikaji, mtuhumiwa na mashahidi wawili, na nakala ipelekwe kwa ofisa mwenye jalada. Bila nakala hiyo jalada linabaki wazi hata kama ninyi wawili mmekunywa chai pamoja.

Pesa ya namna nyingine, ile isiyo na risiti, hatuwezi kukushauri uitoe. Tunajua inaombwa. Uliza kila malipo ni ya nini na risiti yake iko wapi. Mara nyingine swali hilo peke yake hupunguza bei mpaka sifuri.

Ukipelekwa kwa chifu, fahamu mipaka yake. Mahakama za kimila za Sudan Kusini zina kazi kubwa na zinaheshimiwa, lakini Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 haizipi mamlaka juu ya makosa ya jinai, isipokuwa yale yenye sura ya kimila yaliyopelekwa huko na mahakama ya sheria. Chifu anaweza kuwasuluhisha wewe na tajiri. Kukufunga kwa wizi wa dukani si kazi yake.

Nani aje kukutoa

Dhamana ndiyo safari ya kwanza ya ndugu. Mdhamini anayetakiwa kwa kawaida ni mtu mwenye makazi yanayojulikana na kitambulisho, na mwenyeji mwenye duka au kazi ya kudumu anapokelewa haraka kuliko mgeni mwenzako. Jambo hili lina maana moja kwa wafanyabiashara: mtafute mwenyeji huyo kabla ya shida. Mwenye nyumba wako, mteja wako mkubwa, mzee wa kanisa au wa msikiti mnaoswali pamoja. Mzoee, msaidie, mjue jina kamili na mahali anapokaa. Siku ya shida si siku ya kuanza urafiki.

Ubalozi ni safari ya pili. Kenya na Uganda zina balozi zao Juba. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, katika kifungu cha 36, unaweka desturi inayotambuliwa duniani: mgeni akikamatwa, akitaka, ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa, na maofisa wake waruhusiwe kumtembelea. Usitarajie balozi aje akutoe. Hana funguo za kituo. Anachoweza ni kuuliza, kukupa orodha ya mawakili, kuijulisha familia na kuhakikisha hukupotea kwenye makaratasi. Tatizo ni kwamba wengi hawakujiandikisha ubalozini walipofika, hivyo ofisa analazimika kwanza kuthibitisha kwamba wewe ni raia wake. Kujiandikisha ni kazi ya asubuhi moja.

Asiye na pesa za wakili aulize Chama cha Wanasheria kinachojulikana kama South Sudan Law Society, ambacho kwa miaka mingi kimejihusisha na msaada wa kisheria. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu ya Sudan Kusini, hapo hapo Juba, inayopokea malalamiko ya watu walioshikiliwa kinyume cha sheria.

Karatasi za Jumamosi

Turudi kwa kijana wetu wa Mbale. Kama Jumamosi jioni alihesabu pesa mbele ya mtu, wakaandika kiasi kwenye daftari, wakasaini wote wawili, na akalipiga picha daftari hilo kwa simu yake, basi Jumatatu ana jambo la kusema. Kama aliziweka tu ndani ya sefu akafunga, hana.

Biashara ya Juba ina ugumu wake katika hili. Paundi imeshuka thamani kiasi kwamba mauzo ya siku moja ni mafurushi ya noti, na furushi lililofungwa mpira likadhaniwa kuwa na noti mia linaweza kuwa na tisini na saba tangu lilipotoka kwa mteja. Duka hilo hilo linapokea dola, na kiwango cha asubuhi si cha jioni. Upungufu wa namna hiyo si wizi, ni hesabu, lakini hauwezi kuonekana kama hesabu bila daftari linaloonyesha dola ngapi zilibadilishwa, saa ngapi, kwa kiwango gani. Hesabu furushi kabla ya kulipokea. Andika kiwango. Unapopokea mzigo kutoka Elegu, hesabu katoni mbele ya dereva na umsainishe zilizopungua pale pale. Ukisaini kwamba umepokea 200 wakati ziko 194, hizo sita umezinunua.

Funguo nazo. Ukikabidhiwa ufunguo, iandikwe umekabidhiwa lini na nani mwingine anao. Ukienda likizo, urudishe kwa maandishi. Na daftari lisikae dukani peke yake. Likibaki mikononi mwa anayekushtaki, ni lake. Picha za simu zitumwe kwa dada yako Mbale kila Jumamosi. Atalalamika zinajaza simu, mvumilie.

Nawe tajiri

Wasomaji wengi wa gazeti hili wako upande wa pili wa kaunta. Mmeajiri, na mmeibiwa kweli. Hatuwabezi. Stoo nzima imewahi kuhama usiku, na anayelia ni mfanyabiashara wa mtaji mdogo aliyekopa kwenye kikundi.

Lakini kumkabidhi mtu kwa askari kabla ya kuhesabu upya ni kujiingiza kwenye kesi ambayo huenda ukaishindwa. Hesabu tena ukiwa na mtu wa nje. Linganisha daftari na ankara, na miamala ya simu. Orodhesha kila mwenye ufunguo, ndugu zako wakiwa wa kwanza, kwa sababu mtetezi yeyote mwenye akili atakuuliza kwa nini hukuwataja. Mweleze mfanyakazi unachomshuku, mpe nafasi ya kujibu, andika majibu yake. Unaweza kumsimamisha kazi wakati unachunguza, lakini mshahara wa siku alizokwisha fanya ni wake. Ukimwita mwizi mbele ya soko zima, kisha pesa zikaonekana kwenye akaunti ya mteja aliyelipa Jumapili, utakuwa umeharibu jina la mtu, na wenzake waliobaki wataanza kutafuta tajiri mwingine.

Mambo mawili yasichanganywe, na pande zote mbili huyachanganya. Kesi ya polisi na kesi ya kazi ni mbili. Mahakama ikimwachia kijana kwa kukosa ushahidi, hilo halimrudishi kazini lenyewe. Na kufukuzwa kazi hakuthibitishi kwamba aliiba. Anayedai amefukuzwa bila haki aende kwenye vyombo vya kazi, na aende mapema. Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Uganda malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yana miezi mitatu. Kenya sheria inampa anayeshtaki miaka mitatu, lakini mashahidi hawakai dukani miaka mitatu.

Kuna na mahakama ya Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kwa kitendo kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya, kwa mfano kushikiliwa kinyume cha sheria, na halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nchi. Tajiri wako hashtakiwi huko. Ni mahakama ya kuzikabili serikali. Muda wake ni miezi miwili tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua, na majaji wa Arusha wamewahi kuyatupa maombi yaliyochelewa. Mahakama hiyo ina masjala ndogo pia Nairobi na Kampala, kwa hiyo anayetokea Juba anaweza kuwasilisha karatasi zake njiani akirudi nyumbani, kabla hajafika Mbale.